Printa moja, nyumba nzima: kwa nini hupotea inapohitajika

Katika nyumba yenye simu nne, laptopu mbili na televisheni inayoonyesha filamu za mtandaoni bila kukwama, kifaa kinachogoma mara kwa mara ni kile kile: printa. Taa yake ya kijani inawaka. Karatasi zimo, wino umo, na ruta iko hatua chache tu kutoka hapo. Hata hivyo laptopu inashikilia kwamba printa haipo mtandaoni, na fomu inayotakiwa ofisini Jumatatu asubuhi imeganda kwenye foleni isiyosogea. Mwishowe mwenye nyumba anaweka faili kwenye fleshi, anakwenda steshenari ya mtaani na kulipia ukurasa ambao angeuchapa akiwa sebuleni kwake.

Lawama hazichelewi. Wa kwanza kulaumiwa ni printa, wa pili ni mtoto aliyeigusa mara ya mwisho, na wa tatu ni mwenye nyumba mwenyewe, anayeambiwa kwamba hajui kompyuta. Lakini ukiifuata safari ya ukurasa hatua kwa hatua, kutoka kwenye laptopu hadi kwenye karatasi, mara nyingi utakuta printa ni nzima na mtumiaji hakukosea popote. Kilichovunjika ni makubaliano kati ya vifaa, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kuonyeshwa makubaliano hayo.

Printa ina tabia inayoitenga na vifaa vingi vya nyumbani. Simu, televisheni na laptopu hutoka zenyewe. Zinapotaka kitu, huanzisha mazungumzo na seva iliyo mbali, na ruta huyapitisha na kurudisha majibu. Printa haitoki. Inakaa mahali pake ikisubiri kutafutwa, na anayeitafuta lazima aijue anwani yake, awe upande ule ule wa mtandao, aruhusiwe kuingia, na azungumze nayo kwa lugha inayoielewa. Likiyumba sharti moja kati ya hayo manne, ukurasa hautoki. Ruta za nyumbani zimeundwa kwanza kuwahudumia wanaotoka. Anayesubiri kutembelewa hufikiriwa baadaye.

Jambo hili lina uzito kwa familia. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika shuleni mwaka 2019, moja ya malalamiko ya wazazi ilikuwa kazi za nyumbani zinazodai kuchapa picha na kurasa usiku kwa usiku. Tanzania nako, maombi mengi yanayoanzia kwenye skrini, ya kazi, ya mkopo wa masomo au ya vyeti, huishia kwenye karatasi inayohitaji sahihi au muhuri. Familia iliyojinyima ikanunua printa ili iepuke foleni ya steshenari ina haki ya kuitumia siku inapoihitaji.

Ilizaliwa ofisini

Mzizi wa tatizo ni wa zamani kuliko waifai. Mwaka 1971 mhandisi Gary Starkweather alihamia PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Alikotoka, katika jimbo la New York, wakuu wake hawakuipenda fikra yake ya kuchora kurasa kwa mwale wa leza. PARC ilimpa nafasi, naye akaigeuza mashine ya kutoa kopi kuwa printa ya leza inayoweza kutoa ukurasa mmoja kwa sekunde.

Mashine ya namna hiyo haikuweza kuwekwa juu ya meza ya kila mtafiti. Ilikuwa moja, na watafiti walikuwa wengi, nao walikuwa wameanza kupata kompyuta binafsi za aina ya Alto. Tarehe 22 Mei 1973 mtafiti mwenzake, Bob Metcalfe, aliandika waraka wa kueleza mtandao alioupa jina la Ethernet. Miongoni mwa kazi za mwanzo za mtandao huo ilikuwa kuziunganisha Alto na printa ya Starkweather. Kwa hiyo waya wa Ethernet unaochomekwa leo nyuma ya ruta ya nyumbani umetokana, kwa sehemu, na haja ya watu wengi kutumia printa moja.

Bei nayo ililazimisha kushirikiana. Apple ilipotoa LaserWriter mwaka 1985, iliiuza kwa dola 6,995 za Marekani. Ndani yake mlikuwa na prosesa yenye kasi kuliko ile ya kompyuta ya Macintosh iliyoiagiza kuchapa. Hakuna ofisi ndogo iliyoweza kumnunulia kila karani mashine kama hiyo, na Apple iliiuza pamoja na njia ya kuziunganisha kompyuta kadhaa kwake.

Tangu hapo, kila kizazi cha printa za mtandao kimerithi dhana moja: kwamba kando ya mashine yupo mtu ambaye kazi yake ni kuipangia anwani, kufunga programu zake, kutoa ruhusa na kusafisha foleni. Ofisini mtu huyo yupo na analipwa mshahara. Printa zilipoingia majumbani, kazi zake zote ziliingia nazo. Yeye alibaki ofisini.

Karatasi iliyokwama MIT

Hata wataalamu wameteswa na printa ya pamoja, na tukio moja la namna hiyo limeacha alama katika historia ya kompyuta.

Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa mpya ya leza kutoka Xerox. Ilikuwa ya kasi, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara, na haikukaa karibu na watumiaji wake. Mtu aliweza kutuma kazi, akasubiri, akaenda kuichukua, akaikuta mashine imesimama kitambo na kazi za wenzake zimelala kwenye foleni.

Richard Stallman, mwanaprogramu wa maabara hiyo, alikuwa amekwisha kulitatua tatizo kama hilo kwenye printa iliyotangulia. Alibadilisha programu yake ili karatasi ikikwama, wote wenye kazi kwenye foleni wapate ujumbe kwenye kompyuta zao, na mmoja wao aende kuinasua. Kwa printa mpya hakuweza, kwa sababu Xerox haikutoa msimbo wa programu yake. Aliposikia kwamba mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon anao, alikwenda kumwomba. Akakataliwa: mtafiti yule alikuwa ameahidi kutompa mtu mwingine.

Stallman amesimulia kisa hicho mara nyingi kama mojawapo ya mambo yaliyomfungua macho. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Sehemu kubwa ya programu huria zinazoendesha seva za dunia leo zinatokana na vuguvugu hilo.

Linalogusa nyumba ya leo katika kisa hicho ni ule ujumbe. Hata ujumbe wa Stallman usingeweza kuzuia karatasi kukwama. Ulifanya jambo moja tu, nalo lilitosha: ulimwambia mwenye kazi ukweli kuhusu kilichotokea, ili aweze kuchukua hatua. Zaidi ya miaka 40 baadaye, laptopu ya nyumbani inatumia maneno yale yale kwa printa iliyozimwa, printa iliyobadilishiwa anwani, printa iliyo kwenye mtandao mwingine na printa iliyolala. Kwa zote inasema haipo mtandaoni.

Anwani inayohama

Chanzo cha kwanza cha kupotea kwa printa ni anwani. Ruta ya nyumbani hukiazima kila kifaa namba, tuseme 192.168.1.5, kwa muda maalumu, mara nyingi siku moja, kisha kifaa huomba kuongezewa. Siku printa inapofungwa, laptopu inaweza kuikariri namba hiyo kana kwamba ni ya kudumu. Ruta ikizimwa na kuwashwa, huenda namba 5 ikapewa simu iliyowahi kuamka, na printa ikapewa namba 9. Laptopu inaendelea kutuma kurasa kwenye namba 5, kama barua zinazopelekwa kwa mpangaji aliyekwisha kuhama.

Katika miji ya Afrika Mashariki ruta huzimika na kuwaka mara nyingi, kwa sababu umeme hukatika na kurudi. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya anwani zilizoazimwa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme unapokatika. Zaidi ya hapo, ruta huchukua dakika kadhaa kuamka, na printa inaweza kuwa tayari kabla yake. Printa isipopata wa kuipa anwani, hujipangia yenyewe namba inayoanza na 169.254, kufuata utaratibu uliowekwa na wahandisi wa intaneti mwaka 2005. Namba hiyo haiiwezeshi kuzungumza na vifaa vilivyopata namba kwa ruta. Baadhi ya printa huendelea kuulizia hadi ruta inapoamka. Nyingine husubiri zizimwe na kuwashwa tena.

Kuna hata hali ambapo anwani ni sahihi, printa iko tayari, na bado laptopu inakataa. Windows huweza kuiuliza printa hali yake kwa njia ya itifaki ya SNMP, iliyotengenezwa kwa ajili ya wasimamizi wa mitandao. Printa isipojibu swali hilo, kompyuta hufasiri kimya kama kutokuwepo, huku mlango wenyewe wa kupokea kurasa ukiwa wazi. Tiba yake ni kuondoa alama ya tiki kwenye kisanduku kimoja kilichofichwa ndani ya mipangilio ya bandari ya printa. Ni vigumu kufikiria mzazi wa kawaida atakavyokifikia kisanduku hicho bila mtu wa kumwelekeza.

Dawa ya anwani inayohama ni rahisi, na mtu akishaifanya mara moja huishi nayo kwa miaka. Kila printa ya mtandao ina namba ya utambulisho wa maunzi, ijulikanayo kama anwani ya MAC, ambayo huonekana kwenye ripoti ya mtandao inayochapwa na printa yenyewe. Ruta nyingi huruhusu namba hiyo ifungwe na anwani moja, ili hata umeme ukikatika mara ngapi, printa irudishiwe ile ile. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Fundi anayekuja kufunga intaneti nyumbani angeweza kuifanya kabla hajaondoka, na inafaa wateja waanze kumtaka aifanye.

Waifai na kuta zake zisizoonekana

Chanzo cha pili ni kwamba nyumba moja inaweza kuwa na mitandao zaidi ya mmoja bila wenyewe kujua.

Ruta za siku hizi hurusha waifai katika masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Masafa ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini hujaa msongamano. Ya pili yana kasi lakini hayafiki mbali. Printa nyingi za bei ya chini zinajua GHz 2.4 pekee. Ruta ikitoa majina mawili tofauti ya mtandao, mwenye nyumba anaweza kuiweka simu kwenye jina la pili, kisha akashangaa kwamba kwenye printa jina hilo halionekani kabisa. Mtandao wa wageni ni ukuta mwingine. Umewekwa kwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kuvigusa vifaa vya nyumbani, na printa iliyounganishwa humo haiwezi kufikiwa na walio upande wa familia.

Ukuta wa tatu haujulikani sana. Ili kompyuta iigundue printa bila kuandikiwa namba, hupaza sauti kwenye mtandao wote ikiuliza nani anaweza kuchapa. Kwenye waya sauti hiyo husikika vizuri. Kwenye waifai, ujumbe wa kwenda kwa wote hutumwa bila uthibitisho wa kupokewa, hivyo ukipotea hautumwi tena kama unavyotumwa ule wa kifaa kimoja. Baadhi ya ruta huubana ili kupunguza msongamano. Vifaa vilivyolala ili kutunza nishati huweza kuukosa. Ndiyo maana printa huonekana kwenye simu asubuhi, ikapotea mchana, ikarudi jioni, na hakuna aliyeigusa.

Halafu kuna siku ya kubadilisha ruta. Familia inahama kutoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine, au inatoka kwenye kifaa cha laini ya simu kwenda kwenye faiba. Simu na laptopu huingizwa nenosiri jipya kwa sekunde chache. Printa isiyo na skrini hubaki ikililia mtandao ambao haupo tena, na kuiunganisha upya hudai kushikilia vitufe viwili kwa pamoja, au kufunga tena programu iliyokuwa kwenye diski iliyopotea. Kwa hili kuna ujanja unaofaa kujulikana na kila kaya: ruta mpya ikipewa jina lile lile la mtandao na nenosiri lile lile la zamani, kwa kawaida vifaa vyote vya nyumbani, printa ikiwemo, huungana nayo bila kuguswa.

Sasisho lililofunga mlango

Nyumba nyingi hazina printa ya waifai. Zina printa ya waya wa USB iliyochomekwa kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo inayowagawia wengine. Njia hii inaonekana rahisi siku ya kwanza, lakini ndiyo yenye viungo vingi vya kukatika. Kompyuta mwenyeji lazima iwe imewashwa na isiwe imelala. Mtandao wake lazima uwe umetambulishwa kama wa faragha. Windows ikiuona kuwa wa umma, hufunga ugawaji wa printa. Kompyuta inayoomba huweza kudaiwa jina na nenosiri la akaunti ya kompyuta mwenyeji. Hapo wengi hukwama, kwa sababu wamezoea kufungua kompyuta kwa PIN, na PIN haitambuliki kupitia mtandao. Nenosiri lenyewe liliandikwa siku kompyuta iliponunuliwa na halijatumika tangu hapo.

Microsoft iliwahi kujaribu kuurahisisha mzigo huu. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilikuja na HomeGroup, ambapo familia ilitumia nenosiri moja kushirikiana mafaili na printa. Mwaka 2018, Windows 10 ilipofikia toleo la 1803, huduma hiyo iliondolewa. Familia zilizoitegemea zilirudi kwenye njia ya zamani yenye akaunti na ruhusa.

Mwaka 2021 ulikuwa mgumu zaidi. Mwishoni mwa Juni watafiti wa usalama walichapisha kwa bahati mbaya namna ya kushambulia sehemu ya Windows inayosimamia foleni ya kuchapa. Dosari hiyo, iliyopewa jina PrintNightmare, ilimwezesha mshambuliaji kuendesha programu zake kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kuanzia tarehe 6 Julai Microsoft ilitoa viraka vya dharura, hata kwa Windows 7 ambayo msaada wake ulikuwa umekwisha mwaka 2020. Mwezi Agosti ikazuia watumiaji wa kawaida kufunga draiva za printa bila idhini ya msimamizi wa kompyuta. Kisha masasisho ya Septemba yakaanza kulazimisha ulinzi mkali zaidi kati ya kompyuta inayogawa printa na zile zinazoiomba, ulinzi uliokuwa umeandaliwa tangu Januari mwaka huo kwa ajili ya dosari nyingine.

Asubuhi iliyofuata, watu wengi waliokuwa wakichapa bila shida walikutana na kosa lenye namba 0x0000011b. Printa haikubadilika, waya haukubadilika, hakuna aliyegusa kitu. Kompyuta moja ilikuwa imesasishwa usiku, nyingine bado, au zote mbili zimesasishwa lakini zimeshindwa kuelewana. Wengine waliling'oa sasisho zima ili wachape, na kwa kufanya hivyo waliziacha kompyuta zao wazi kwa mashambulizi ambayo sasisho lilikuja kuyazuia.

Microsoft ilikuwa na sababu ya kweli. Hatari ya printa iliyoachwa wazi imeonekana: Novemba 2018, mtu mmoja alizichapisha printa za watu duniani kote karatasi za kumtangaza PewDiePie, nyota wa YouTube, akitumia bandari namba 9100 zilizoachwa wazi kwenye intaneti. Mwenyewe alidai alizifikia printa zipatazo 50,000. Lakini usalama unaotolewa kwa namba ya kosa isiyoeleweka humsukuma mtu kuuondoa. Ujumbe uliosema wazi kwamba kompyuta ile nyingine inahitaji kusasishwa ungeilinda familia na ungeiwezesha kuchapa.

Kuelekea lugha moja

Sehemu yenye matumaini katika habari hii ni lugha. Kwa miongo mingi kila modeli ya printa ilidai draiva yake, programu inayotafsiri ukurasa kuwa amri ambazo mashine hiyo inazielewa. Draiva ya Windows haikufaa kwa Mac, ya Windows ya zamani haikufaa kwa mpya, na mtengenezaji alipoacha kuitunza, printa nzima iliweza kuishia stoo.

Mwaka 1999 mambo mawili yaliyokuja kubadilisha hali hiyo yalijitokeza. Wahandisi walichapisha toleo la kwanza la IPP, itifaki ya wazi ya kuchapa kupitia mtandao, na kampuni ndogo ya Marekani ya mwanaprogramu Michael Sweet ikatoa CUPS, mfumo wa kuchapa uliojengwa juu ya itifaki hiyo na ulio huru kutumiwa na yeyote. Linux iliupokea. Apple nayo iliuingiza kwenye Mac OS X 10.2 mwaka 2002, toleo lile lile lililoleta teknolojia ya vifaa kujitambulisha vyenyewe kwenye mtandao, kazi iliyoongozwa na Stuart Cheshire na ambayo sasa inaitwa Bonjour. Miaka 11 baadaye, Februari 2013, misingi ya teknolojia hiyo ilichapishwa rasmi kama viwango vya intaneti.

Simu ndizo zilizosukuma mambo kwa kasi, maana hakuna anayetaka kufunga draiva kwenye simu. Novemba 2010 Apple ilileta AirPrint, iliyoiwezesha iPhone kuchapa bila draiva yoyote. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox waliunda umoja wa Mopria kwa lengo kama hilo upande wa Android, na tangu toleo la 8 la mwaka 2017 Android ina huduma ya kuchapa ndani yake. Septemba 2023 Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuachana hatua kwa hatua na usambazaji wa draiva za watengenezaji kupitia Windows Update, na kuegemea IPP.

Apple, Android na Windows sasa zinaelekea kwenye shina moja. Kwa familia yenye iPhone ya mama, Android ya kijana na laptopu ya Windows ya baba, maana yake ni kwamba vifaa vyote vitatu vinaweza kuikuta printa ile ile na kuipa kazi bila diski na bila kupakua chochote.

Njia iliyopitia nje ya nyumba imekwisha kuonyesha udhaifu wake. Google ilianzisha Cloud Print mwaka 2010, ambapo ukurasa ulipanda hadi kwenye seva za Google kisha ukashuka kwenye printa iliyo chumba cha pili. Wengi waliizoea. Ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na waliokuwa hawana njia nyingine walilazimika kuanza upya. Itifaki ya wazi inayofanya kazi ndani ya nyumba haina mtu wa kuizima, na inaendelea hata bando linapokwisha.

Dukani

Uamuzi unaozuia sehemu kubwa ya usumbufu huu hufanywa kabla printa haijafika nyumbani. Printa za matangi ya wino, zinazopendwa kwa unafuu wa wino wake, mara nyingi huuzwa kwa modeli mbili zinazofanana kwa sura: moja ya waya wa USB pekee, nyingine yenye waifai. Epson L3110 haina waifai; L3150, inayofanana nayo kwa mbali, inayo. Kwa nyumba ya mtu mmoja mwenye kompyuta moja, ya kwanza inatosha. Kwa nyumba ya watu watano wenye simu na laptopu, tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na safari za steshenari na jioni zinazopotea mbele ya foleni iliyoganda. Printa yenye tundu la waya wa Ethernet ni bora zaidi, kwa sababu ikikaa karibu na ruta haiguswi na matatizo ya waifai.

Baada ya hapo yabaki mambo machache. Printa iunganishwe moja kwa moja na ruta, isitegemee laptopu ya mtu. Ipangiwe anwani yake kwenye ruta siku hiyo hiyo. Isiwekwe kwenye mtandao wa wageni. Umeme ukirudi, ruta itangulie kuwashwa, printa ifuate. Kwenye laptopu ichaguliwe njia ya IPP ikiwepo. Masasisho ya usalama yaachwe yaingie, na kompyuta zote za nyumbani zisasishwe pamoja.

Watengenezaji na watoa huduma za intaneti nao wana deni. Printa inajua kama imepata anwani au imejipangia yenyewe. Ingeweza kusema hivyo kwa sentensi moja, na kwa Kiswahili, kwenye skrini yake au kwenye ripoti inayoichapa. Laptopu inajua kama iko kwenye mtandao wa wageni. Ruta inajua kwamba kifaa kilichokuwa namba 5 sasa ni namba 9. Taarifa zote za kumsaidia mwenye nyumba zimo tayari ndani ya vifaa alivyolipia, na kumwonyesha hakuhitaji uvumbuzi wowote mpya.

Mnunuzi anayeingia dukani mwishoni mwa wiki hii anaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, asome maandishi ya kwenye boksi na kutafuta majina ya AirPrint na Mopria. Pili, amwombe muuzaji aiwashe printa na kuiunganisha na waifai ya duka, kisha achape ukurasa mmoja kutoka kwenye simu yake mwenyewe, bila kupakua programu yoyote. Ukurasa huo ukitoka, masharti manne ya kuifikia printa yatakuwa yamethibitishwa mbele ya macho yake, kabla fedha hazijabadilishana mikono.